Haya, Sitara, na Picha ya Watu Elfu Tatu



Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, mwezi uliopita, kijana mmoja katika vijana wetu aliuliza suali ambalo hapana aliyelitazamia, na jawabu tuliyompa siku ile haikuwa jawabu. Kwa hivyo twaona ni wajibu wetu kulirejea suali lile hapa, mbele ya wasomaji wote.

Kijana huyu alikuwa akisoma Uingereza katika mji wa Hull, nao ni mji wa bandari kama huu wetu. Tarehe 9 Julai 2016, siku chache tu baada ya Idi, walikusanyika katika mji ule watu 3,200, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Wakavua nguo zao zote, wakajipaka rangi ya buluu tangu utosini mpaka nyayoni, wakapangwa katika bustani na njia za mji, wakapigwa picha. Aliyewapiga ni Spencer Tunick, Mmarekani, ambaye kwa miaka mingi hiyo ndiyo kazi yake. Waliomwita ni jumba la sanaa la mji wenyewe, liitwalo Ferens, na picha zilitundikwa humo mwaka wa 2017. Hata rangi ile ya buluu ilikuwa ya namna nne, zikichaguliwa kwa kufuata picha za bahari zilizomo katika jumba hilo.

Yeye alikuwa akikaa nyumba moja na wanafunzi wenziwe watatu. Usiku ule aliamka kula daku, kwa kuwa alikuwa akifunga sita, nao waliamka kwenda kuvua nguo, wakakutana jikoni. Asubuhi wakarudi, na buluu ingali masikioni mwao, wakamuuliza kwa upole kabisa: Kwani dini yako yaogopa nini katika mwili wa mtu? Akanyamaza. Na miaka yote hii, asema, suali lile halijamtoka. Alijua ya kuwa kilichomzuia kwenda ni haya. Lakini haya ile ilikuwa ni ya dini, au ilikuwa ni mazoea ya mtu aliyelelewa Mji wa Kale? Na lau angalizaliwa Hull, je, asingalikwenda pamoja nao?

Wengi wetu tulisema astaghfirullah. Mmoja akasema wale ni wanyama, nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliitikia kwa kichwa. Kijana akasema: "Maalim, wale si wanyama. Mmoja wao ndiye aliyenichukua hospitali usiku wa manane nilipougua." Kukawa kimya mpaka muadhini akaadhini Isha.

Basi na tuanze kwa insafu, maana dini yetu yatutaka tuwe waadilifu hata juu ya wale tusioafikiana nao. Watu wanaoingia katika picha hizi si makahaba wala hawalipwi. Kila mmoja hupewa nakala ya picha, basi. Mara nyingi kazi hufanywa alfajiri, na baridi yao waijua wenyewe. Katika uwanja mkubwa wa mji wa Mexico, mwaka wa 2007, walikuja watu wapatao 18,000. Mwaka huo huo watu 600 walilala uchi juu ya barafu ya Aletsch huko Uswisi, ili kuwaonyesha walimwengu ya kuwa barafu ile inayeyuka. Mjini Sydney, mwaka wa 2010, walisimama 5,200. Serikali zao nazo hazikupenda siku zote: New York, katika miaka ya 1990, polisi walimkamata Tunick mara kadhaa, na shauri lake lilipanda mpaka mahakama kuu ya nchi mwaka wa 2000 kabla ya kuachiwa njia. Na wengi walioshiriki wamesimulia kwamba hawakuona pale tamaa wala uchafu, bali waliona wepesi, kana kwamba wametuliwa mzigo. Mwenye kuwaambia watu hawa kuwa walikwenda kuzini amewasingizia, na kusingizia ni dhambi hata kama anayesingiziwa yu uchi.

Na wala tusijifiche nyuma ya kauli ya kuwa picha yenyewe ni haramu. Marehemu Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, alikwisha kuandika zamani kuwa picha ya fotografia ni kuzuia kivuli tu na si kuumba sanamu, na sisi sote tuna picha zetu katika vitambulisho na pasipoti. Suali ni la sitara.

Hoja yao ya kwanza ni nia. Wasema: nia yetu ni njema, basi tendo letu lina ubaya gani? Ajabu ni kwamba hoja hii si mpya hata kidogo. Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa wakitufu Al-Kaaba uchi. Makureshi walijifanya ndio watu makhsusi wa Nyumba, na mgeni asiyepata nguo kwao alivua zake akatufu kama alivyozaliwa. Wala hawakufanya hivyo kwa upuuzi. Waliona si adabu kumzunguka Mola katika nguo walizomuasia ndani yake. Ni nia gani nzuri kuliko hii kwa dhahiri yake? Pamoja na hayo Kurani, katika Sura ya Al-Aaraf, iliwaamrisha wanaadamu wote washike mapambo yao katika kila mahali pa ibada, na mwaka wa 9 wa Hijra, Sayyidna Abubakar (r.a.) alipoongoza Hija, ilinadiwa kuwa baada ya mwaka ule hapana atakayetufu uchi. Kwa hivyo mtu asituambie ya kuwa kuvua nguo hadharani kwa nia tukufu ni maendeleo ambayo sisi hatujayafikia.

Hoja ya pili ni usawa. Wasema: akivua tajiri na akavua maskini, hapana tena tajiri wala maskini. Neno hili lina ukweli ndani yake. Lakini aliyekwenda Hija ameuona usawa huo huo kwa shuka mbili nyeupe. Nguo ya fakhari imevuliwa, na utu umebaki umesitiriwa. Iko siku moja tu tutakayokusanywa sote uchi, nayo ni Siku ya Kiyama. Bibi Aisha (r.a.) aliposikia hivyo alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wanaume na wanawake hawatatazamana, akajibiwa kuwa jambo la siku hiyo ni zito mno hata wasiweze kushughulika na hilo. Tuizingatie jawabu hiyo. Hakuambiwa kuwa kutazamana si kitu. Aliambiwa kuwa hofu itawashughulisha. Na huku duniani, katika bustani ya Hull, iko hofu gani ya kuyashughulisha macho?

Hoja ya tatu ndiyo iliyomnyamazisha kijana wetu: mwili ameuumba Mungu, kwa nini mwauonea haya?

Hapa mara nyingi wahadhiri wetu hutoa mfano wa peremende: iliyo katika karatasi haiingii nzi. Mfano huu siupendi. Umemfanya mwanamke kuwa bidhaa, na umemsahau mwanamume kabisa, kana kwamba sitara haikumpasa. Pia wafahamisha kuwa sababu yote ya kujisitiri ni kuogopa tamaa ya mwingine, na ikiwa hivyo ndivyo, basi wale wa Hull wameshinda, kwani wasema tamaa haikuwapo.

Tuitazame maiti. Anapokufa mtu kwetu, hata awe mzee wa miaka tisini, mwili umekonda, hapana awezaye kumtamani, waoshaji humtandikia shuka na kupitisha mikono yao chini yake. Humtia maji pasi na kuutazama utupu wake, na wakiona aibu yoyote katika mwili wake hawaisemi nje. Twamuogopea nani? Yeye hatamani wala hatamaniwi, wala hawezi hata kujua kama amefunikwa. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na sahaba mmoja juu ya mtu aliye peke yake, alisema kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kustahiki zaidi kuonewa haya. Basi sitara si ukuta wa kuzuia tamaa tu. Ni haki ya mtu, aliyo nayo kwa kuwa yeye ni mtu, na hubaki nayo hata pale ambapo tamaa haipo, hata akiwa hana tena uwezo wa kuidai. Twausitiri mwili si kwa kuwa ni mchafu. Mchafu hatungalimuosha kwa adabu ile.

Na haki hii, je, mwenyewe aweza kuitupa apendapo? Mimi naona hawezi, kwani hakujipa mwenyewe. Nitazamapo jinsi picha ile ilivyotengenezwa naona jambo jingine. Watu elfu tatu wamepakwa rangi moja, wakaambiwa simameni hapa, laleni pale, mpaka mtazamaji asiweze kumjua mtu kwa mtu. Huo waliouita uhuru, kwa macho yangu, wafanana na kokoto za pwani. Mpiga picha alihitaji wingi, hakuhitaji yeyote miongoni mwao.

Ama suali la mazoea, kijana wetu amesema kweli nusu. Katika haya zetu mna sheria na mna desturi, nasi tumezichanganya. Buibui ni desturi, na namna yake imebadilika mbele ya macho yetu. Kusitiri utupu ni sheria, na utupu wa mwanamume katika madhehebu yetu ya Shafii ni baina ya kitovu na magoti. Nenda Jumapili pwani ukawatazame wanaume waogao, au uwanja wowote wa mpira, uhesabu magoti na mapaja. Baba amkaripia binti kwa shungi lililoteleza, na yeye amekaa barazani kikoi kimepanda. Hapo ndipo haya inapokuwa ya kulelewa tu, na kijana ana haki ya kuitilia shaka.

Tena yako mabaya kuliko hayo. Mwezi wa Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha matatu, wakidai kuwa amevaa visivyo na heshima. Watu hawa walimvua mtu sitara yake kwa jina la sitara! Wale wa Hull walivua nguo zao wenyewe. Hawa wamepora ya mwingine, na sioni shaka ni nani mwenye dhambi kubwa zaidi. Kinyume chake, mwezi wa Machi 1992, kina mama wa wafungwa wa siasa walipopigwa na polisi katika bustani ya Uhuru, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari. Siwatolei fatwa akina mama wale. Lakini kitendo chao kilikuwa na nguvu kwa kuwa haya ilikuwa ingali hai katika macho ya askari, ambao waliona ni laana kumuona mama uchi. Mahali ambapo watu elfu tatu huvua na hapana anayeinamisha macho, mama aliyeonewa hana tena silaha hiyo.

Limebaki moja, nalo latuhusu zaidi. Wako walioingia katika picha hizi kwa sababu waliuchukia mwili wao, kwa maradhi, kwa unene, kwa kovu la kisu cha daktari, na wakatoka wameridhika nao. Haja yao ni ya kweli. Sisi twampa nini mtu kama huyo? Katika mji huu twamwita mtu kwa kilema chake mpaka jina lake likasahaulika. Bibi harusi apakwa madawa ya kumgeuza rangi, na mama yake ndiye aliyeyanunua. Zahir, bedui aliyekuwa hana sura nzuri, alikuwa sokoni akiuza vitu vyake. Mtume (s.a.w.) akamjia kwa nyuma akamkumbatia, na Zahir alipojidharau kuwa ni bidhaa isiyo na mnunuzi, akaambiwa kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye si rahisi. Alikumbatiwa mbele ya watu, katika nguo zake za kazi.

Na wale waliozipeleka picha za Hull katika simu, mkono kwa mkono, na chini yake wameandika laana, nao wametazama. Ndio hao hao wapelekao video za harusi za wanawake, ambazo waliochezamo hawakujua kuwa zitatoka nje ya ukumbi.

Juma lililofuata nilimwambia kijana haya niliyoyaandika. Alisikiliza, akaandika baadhi yake, na khabari ya kuosha maiti akampelekea rafiki yake wa Hull, yule aliyemchukua hospitali. Jawabu ilirudi siku ya pili. Rafiki hakusema kuwa amekubali wala kuwa amekataa. Aliuliza tu: mtu asiye na jamaa akifa huko kwenu, nani humuosha chini ya shuka hiyo? Tukamwambia kijana amuandikie kuwa ni faradhi juu ya mji mzima, na kwamba mwaka huu, katika mtaa wetu, wameoshwa wawili wa namna hiyo, na mmoja wao jina lake halikujulikana.