Usichimbe Kisiki

Wanangu mliozaliwa hapa kambini Nyarugusu, na nyinyi mliofika mmebebwa mgongoni, tegeni sikio.

Shuleni mnafundishwa kwamba mti huvuta hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Ni kweli, lakini habari haiishii hapo. Mti nao hupumua kama sisi, usiku na mchana. Mizizi hupumua, na vijidudu vya udongoni vinavyoozesha majani hupumua pia. Msitu hutufaa pale unapovuta ukaa mwingi kuliko unaoutoa, ziada ikawa akiba.

Akiba hiyo hukaa wapi? Mbali na hapa, kwenye delta ya Rufiji, kuna mikoko mingi kuliko kwingine kokote Tanzania. Mizizi ya mchu, mmoja wa mikoko hiyo, huchomoza juu ya tope kutafuta hewa, maana ndani ya tope oksijeni hakuna. Kwa hiyo kilichokufa huoza polepole mno, na sehemu kubwa ya kaboni ya msitu ule imelala topeni, si kwenye vigogo. Salfeti ya maji ya bahari huwapa nguvu bakteria wanaotoa harufu ya mayai viza, nao huwabana wale wanaotengeneza methani. Kwenye mafunjo ya Malagarasi, kwa kuwa maji si ya chumvi, kizuizi hicho ni dhaifu. Methani hutoka zaidi, nayo kwa miaka 100 hunasa joto takriban mara 28 zaidi ya hewa ya ukaa ya uzito uleule.

Sisi bahari hatuna. Tuna miombo, na miombo nayo imeweka akiba yake kubwa chini ya ardhi. Tangu kambi ifunguliwe mwaka 1996 tukiwa Wakongo, na tangu ndugu zetu Warundi walipomiminika mwaka 2015, tumekata sana. Simlaumu mama mwenye mzigo wa kuni kichwani; maharage hayaivi kwa maneno. Lakini mtundu, mti wa miombo, ukikatwa shina huchipua tena. Kinachoniuma ni jembe linalofuata kung'oa kisiki. Udongo ukipinduliwa hupata hewa, vijidudu hula kwa kasi, na ukaa uliotulia humo miaka mingi hupanda angani. Chipukizi nalo halipo tena.

Na mkaa, wanangu! Tanuri la udongo hula kilo nyingi za kuni kwa kilo moja ya mkaa, huku likifuka methani na monoksidi ya kaboni. Monoksidi hiyo haina harufu, nayo huua. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kwenye baridi ya Juni.

Lowekeni maharage tangu jioni. Anikeni kuni zikauke, tumieni jiko banifu la udongo, funikeni sufuria. Kisiki kikichipua, bakizeni machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine yawe kuni, na fyekeni nyasi kukizunguka kabla moto wa kiangazi haujafika.