Shampuu ya Mwenzio

Walimu wawili wa shule moja ya msingi mjini Korogwe walifundisha darasa la nne, kila mmoja na mkondo wake, na walikuwa marafiki wa kuazimana hata viatu. Mmoja alijifungua mwezi Januari. Ilipofika Aprili nywele zikaanza kumtoka kwa mashada: akichana, kitana kinajaa, akioga, zinaziba njia ya maji bafuni. Alilia sana. Dada yake akamnunulia Kariakoo shampuu yenye picha ya kitunguu kwenye chupa, akaitumia kwa bidii, na kabla mwaka haujaisha kichwa kilikuwa kimejaa tena, vinywele vipya vimechipuka kuzunguka paji la uso kama majani baada ya mvua za vuli. Hakuna mtu katika ofisi ya walimu ambaye hakusimuliwa habari za chupa ile.

Rafiki yake, ambaye nitamwita Mwalimu tu, alizisikiliza kuliko wote. Naye nywele zake zilikuwa zinapungua, ila za kwake hazikutoka kwa mashada. Zilipungua utosini, polepole, mahali ambapo mtu hawezi kujiona kwa kioo kimoja. Palikuwa panamwasha, na akisuka rasta, siku mbili tatu za mwanzo panamuuma hadi kulaza kichwa kwenye mto inakuwa kazi. Akaagiza chupa ileile.

Yule mwenzake hakumdanganya, na ningependa msomaji aelewe hilo vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi waangalifu wanapopotea. Unywele wa kichwani hukua kwa miaka miwili hadi saba, kisha hupumzika kwa miezi mitatu hivi, hudondoka, na mwingine huota palepale. Kichwa kina nywele zipatazo 100,000, kwa hiyo kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Wakati wa mimba nywele nyingi huchelewa kwenda mapumzikoni. Mama akishajifungua, zile zilizochelewa huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili au mitatu hutoka kwa pamoja. Homa kali, upasuaji mkubwa na kukonda kwa ghafla huleta hali hiyohiyo. Kisha hukoma kwenyewe, na mara nyingi ndani ya mwaka kichwa hurudi kilivyokuwa, hata kama mwenyewe hakupaka kitu.

Lakini nani atakaa bila kupaka kitu? Kila mwenye hofu atakuwa na chupa mkononi, na chupa itakayokuwepo siku nywele zinapoacha kutoka ndiyo itakayopewa sifa. Ushuhuda utakuwa wa kweli, wa mtu mwaminifu, na bado chupa haikufanya kitu. Aliyejifungua Januari angepona kwa sabuni ya mche.

Kitunguu chenyewe hakikupata sifa bure kabisa. Mwaka 2002 watafiti wa Baghdad waliandika kwamba wagonjwa kadhaa waliopaka maji mabichi ya kitunguu mara mbili kwa siku waliota nywele. Wagonjwa hao walikuwa na ugonjwa mwingine, ule unaotoa nywele kwa mabaka ya duara yasiyo na kovu, ambao mara nyingi hupona wenyewe. Walipaka maji mabichi ya kitunguu, wakayaacha kichwani. Kati ya hilo na tone la harufu ya kitunguu ndani ya povu linalosuuzwa baada ya dakika mbili, pana safari ndefu sana.

Chupa ya kwanza ilipokwisha bila matokeo, Mwalimu hakukata tamaa. Alidhani amekosea chupa. Akanunua yenye vitamini ya bayotini, na muuza duka la vipodozi akamwongezea vidonge vya bayotini vya kumeza. Akanunua ya mnanaa na rozimari. Hii ilimchonyota utosini, akarudi dukani kuuliza kama inamfaa.

"Dada, ikichoma hivyo ujue inafanya kazi," muuzaji alimwambia. "Mizizi ndiyo inaamka."

Maneno hayo yamewagharimu watu nywele nyingi. Ngozi ya kichwa inayochonyota au kuuma inasema kwamba kuna kinachoiumiza, kutoka nje au kutoka ndani. Mwalimu aliambiwa ashukuru, naye akashukuru. Akaendelea.

Chupa ya nne ilikuwa shampuu ya ketokonazoli kutoka duka la dawa, kwa kuwa mtu alimwambia huenda ni mba. Hii walau ni dawa halisi. Ile ya asilimia 2 huua fangasi wanaoleta mba, ikipakwa kwenye ngozi ya kichwa, ikaachwa dakika tatu hadi tano, ikasuuzwa, mara mbili kwa wiki kwa wiki kadhaa. Mwenye mba ya kweli hupata nafuu, kuwasha kunapungua, na nywele zilizokuwa zikikatika kwa kukunwa hupata amani. Wengi wetu hufanya kinyume: tukiona mba tunaimiminia mafuta ili isionekane, na fangasi hao chakula chao ni mafuta. Ila Mwalimu hakuwa na mba. Hapakuwa na ukoko wowote utosini. Alikuwa na ngozi laini inayong'aa, akawa anavaa wigi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Siku moja msusi wake, mwenye kibanda karibu na stendi, alipomaliza kumfumua alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, mimi leo sikusuki. Nenda hospitali." Mwalimu aliondoka amekasirika. Wiki iliyofuata alipanda basi la Moshi.

Korogwe iko kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, na Moshi kuna jambo ambalo wagonjwa wengi wa ngozi hawalijui. Tangu mwaka 1992, katika eneo la hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo mtu wa kaskazini mwa Tanzania mwenye tatizo la ngozi ya kichwa ana mahali pa kupeleka kichwa chake.

Daktari alimuuliza kuhusu kila kitu isipokuwa shampuu. Ameanza lini kuwashwa? Aliweka dawa ya kulainisha nywele kwa miaka mingapi? Anasuka kwa kubana? Hedhi yake ni nzito? Anatumia dawa gani za kumeza? Kisha akauliza swali ambalo Mwalimu hakulitarajia: "Mama yako mzazi, utosi wake ukoje?"

Mama yake hakuwahi kuonekana bila kilemba. Utosi wake ulikuwa wazi tangu Mwalimu akiwa sekondari, na nyumbani walisema ni kwa sababu ya kubeba ndoo za maji kichwani. Daktari akamweleza kwamba kuna upara wa kovu unaoanzia utosini na kupanuka kwenda pembeni, unaowapata zaidi wanawake weusi, na kwamba mara nyingine hufuata ukoo. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowakuta baadhi ya wanawake wenye upara huo na hitilafu katika jeni moja inayohusika na kujengwa kwa unywele. Kusuka kwa kubana, dawa kali na joto huenda vikauchochea, ila mtu anaweza kuupata bila hivyo vyote. Ndani ya ngozi kunakuwa na uvimbe mdogo usioonekana kwa macho, unaokula kitundu cha nywele hadi kinazibwa na kovu. Kuwasha na kuuma kule ndiyo ishara zake, ingawa wengine hawasikii chochote.

Wakamchoma ganzi, wakamkata kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 4 kwenye ukingo ambapo nywele bado zilikuwepo, kwa maana katikati ya kovu hapana cha kupima. Wakataka kupima damu pia, kuangalia madini ya chuma na tezi ya thairoidi, ambavyo vikiwa na kasoro hupunguza nywele za kichwa chote. Kabla ya hapo wakamwambia asimamishe vile vidonge vya bayotini kwa siku kadhaa. Bayotini nyingi mwilini inaweza kupotosha majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vya thairoidi vikiwemo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Muuza duka alimpa vidonge hivyo kama zawadi.

Majibu ya kipande cha ngozi yalithibitisha upara wa kovu. Alipewa dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe, sindano za utosini kila baada ya wiki kadhaa, na vidonge vya doksisaiklini. Miezi ilipita, kuwasha kukakoma, na ukingo wa upara ukasimama. Nywele za pembeni ziliokolewa. Katikati, upana wa kiganja, hapajaota na hapataota. Daktari hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba wakati wa chupa ya kwanza, vitundu vile vingi vilikuwa hai.

Sasa nirudi kwenye rafu ya duka, maana msomaji aliyekuja kutafuta shampuu bado anastahili jibu. Shampuu ni sabuni ya nywele. Povu lake hushika mafuta, vumbi na jasho, na maji huvisuuza vyote, pamoja na karibu kila kitu kizuri kilichotajwa kwenye lebo. Mzizi wa unywele uko milimita kadhaa chini ya ngozi. Linganisha na minoksidili, ambayo ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaonekana wanaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu ya kupaka kwa ajili ya upara. Hiyo hupakwa na kuachwa kichwani, kila siku, kwa miezi minne au zaidi kabla ya kuhukumiwa, na mtu akiacha, nywele zilizopatikana huondoka. Ikiwa dawa yenyewe inahitaji subira hiyo, dakika mbili za povu zitaleta nini? Chupa inayodai kuotesha nywele inadai kazi ya dawa, na dawa Tanzania husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu mwaka 2019. Uliza namba ya usajili.

Kwa kichwa chenye nywele chache, chagua shampuu isiyokausha, isiyochonyota, ya bei utakayoimudu mwezi ujao pia. Nywele zetu za kipilipili hutosheka na kuoshwa mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, kwa vidole na si kwa kucha, povu likifika kwenye ngozi hata kama umesuka. Fuata na kilainishi kwenye ncha. Zipo shampuu zinazofanya kila unywele uonekane mnene kwa kuufunika na utando mwembamba. Hazina ubaya, mradi ujue utando huo huondoka na maji. Mwenye mba achukue ya mba. Anayepungukiwa pembezoni mwa paji kwa sababu ya kusuka kwa kubana hana chupa yoyote ya kununua: alegeze, abadilishe mitindo, apumzishe kichwa, na akiwahi zitarudi. Mtoto mwenye mapunye anahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa tabibu, kwa kuwa fangasi wameingia ndani ya unywele. Shampuu husaidia tu asiambukize wadogo zake.

Mwalimu leo anatumia shampuu ya kawaida ya dukani, ya bei ya chini kuliko zote alizowahi kununua.

Ninalo ombi kwa wasusi, na nimeliweka mwisho kwa sababu hadithi hii ingekuwa nyingine kama lingetimizwa mapema. Yule msusi wa stendi alikiri baadaye kwamba aliuona utosi wa Mwalimu ukififia mwaka mzima kabla ya kusema. Aliogopa kumpoteza mteja. Ninaelewa hofu hiyo. Kodi ya kibanda hailipwi kwa ushauri. Lakini nyinyi mnaviona vichwa vyetu kabla ya mama zetu, waume zetu na madaktari. Mkifumua, papaseni utosi. Mkikuta ngozi inang'aa, vitundu havionekani, na mteja anasema panawasha au panauma, msimsuke siku hiyo. Ombeni simu yake, mpigeni picha utosi, mumwonyeshe kwa faragha, naye aihifadhi yenye tarehe kwa ajili ya daktari wa ngozi.