Sabato ya Mwanariadha

Swali la iwapo mwili uliofunzwa kushindana unaweza kutumika katika uchungaji linawahusu pia Wakristo wa Kanyakine, huko Imenti Kusini, ambako kijana hutarajiwa kung'ara kwenye mbio za shule na kuhudhuria ibada bila kuulizwa kama mambo hayo mawili yanaweza kugongana. Eric Liddell, mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliulizwa. Mwaka 1924, katika Michezo ya Olimpiki mjini Paris, alikataa mbio za mita 100 kwa sababu mchujo wake uliangukia Jumapili, aliyoishika kuwa Sabato, yaani siku ya pumziko iliyotengwa kwa Mungu, kisha akashinda mita 400. Alikwenda Uchina kama mmisionari, akawekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1932, na akaandika mwongozo wa maisha ya ufuasi. Katika kambi ya Weihsien, hukohuko Uchina, alikozuiliwa na Wajapani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alifundisha watoto na kuwaandalia michezo. Na vijana walipopigana katika mpira wa magongo uliochezwa Jumapili bila msimamizi, alikubali kuwa mwamuzi wao siku hiyohiyo, jambo ambalo wanaodhani uchaji ni uthabiti mtupu huliona kuwa udhaifu. Hukumu hiyo ni finyu, kwani Paris sheria ya Sabato ilimgharimu yeye mwenyewe, ilhali kambini ingewagharimu wengine. Alifia humo Februari 1945, miezi sita kabla ya kambi kukombolewa.