Mke au Dada? Swali Linaloulizwa Mpakani

Mahubiri ya ibada ya pili. Masomo: Mwanzo 12:10–20, Yohana 4:16–18, Zaburi 15.

 

Leo tumwangalie Abrahamu, lakini si yule wa mlimani na Isaka ambaye sisi wahubiri tunampenda sana. Tumwangalie akiwa na njaa. Wakati huo bado anaitwa Abramu. Kanaani kumekauka, mifugo inakonda, na mzee anaamua kushuka Misri kutafuta maisha. Hapo hakuna dhambi. Watu wetu wengi wametoka hivyo hivyo, na pesa wanazotuma zimelipa karo na kuezeka nyumba za wengi mnaoketi hapa. Shida ya Abramu inaanza akikaribia mpaka. Anamgeukia Sarai, anamwambia: tukifika huko wakiuliza, wewe sema ni dada yangu.

Na mjue kitu kimoja. Ule uongo ulikuwa na ukweli ndani yake. Ukienda Mwanzo 20:12, alipofanya jambo hilo hilo mara ya pili, anajitetea kwamba Sara ni dada yake kweli, baba mmoja, mama tofauti. Kwa hivyo maneno yalikuwa ya kweli, lakini jibu lilikuwa la uongo. Watu walitaka kujua habari ya ndoa, yeye akawajibu habari ya ukoo.

Halafu, wapendwa, mpango ulifanya kazi! Abramu akapata kondoo, ng'ombe, punda, ngamia na watumishi. Angekuwa mshirika hapa, Jumapili angekuja mbele na ushuhuda, Mungu amemfungulia mlango Misri, na sisi tungepiga makofi. (Nasikia amina ni chache hapo.) Mpaka Farao akajua. Mstari wa 18, mfalme asiyemjua Mungu ndiye anayemuuliza mtu wa Mungu kwa nini hakusema huyu ni mke wake. Mstari wa 20, akawapa watu wa kumsindikiza atoke. Kwa lugha ya mtaa, Abramu alidipotiwa.

Sasa nieleze kwa nini nimehubiri andiko hili. Wenyewe wawili wamenipa ruhusa, na majina sitayataja.

Miezi michache iliyopita simu ililia saa tano usiku. Ni dada mmoja aliyelelewa katika kanisa hili, yuko Marekani. “Bwana asifiwe, pasta. Samahani kwa saa hizi. Nimeitwa kwa mahojiano ya uraia.” Nikapiga vigelegele, mimi mwanaume mzima. Siku hizi huna hata haja ya kuacha Ukenya wako, Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili. Lakini yeye hakufurahi. Akasema, “Pasta, naomba barua. Ya kanisa, na muhuri. Iseme sijawahi kuolewa.”

Nilinyamaza. Mimi mwenyewe nilikula mbuzi wa ile ndoa.

Wale wazee wa kanisa mnakumbuka. Wazee wa pande mbili walikaa, mahari ikatolewa, mimi nikaitwa kuombea chakula. Harusi ya kanisani ikangojea pesa, kama harusi nyingi za hapa zinavyongojea pesa. Wakaishi pamoja. Baadaye dada akacheza ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile iliyokuwa ikitoa mpaka viza 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Masharti yake yalikuwa wazi: ukiwa na mume au mke, umwandike, hata kama hamna mpango wa kusafiri pamoja. Lakini aliyekuwa akijaza fomu ni kijana wa saiba, na huyo alimwambia, “Mama, andika hujaolewa, itaenda haraka. Kwani una cheti?” Cheti hakuwa nacho. Akaandika hajaolewa. Mume alijua, akakubali. Walipanga dada atangulie, halafu amwite.

Mnajua ilivyokwenda. Alipata. Simu zikawa kila siku, halafu kila wiki, halafu sikukuu. Miaka ikapita. Hakuna aliyemwacha mwenzake rasmi, hakuna mzee aliyeitwa, hakuna mahari iliyorudishwa, hakuna mahakama. Waliacha tu kupigiana.

Na kabla hatujamnyoshea dada kidole: sisi tulifanya nini? Tulimfanyia maombi ya shukrani. Tuliipaka pasipoti yake mafuta, hapa, mbele ya madhabahu hii. Ile viza ndani yake ilikuwa ya mwanamke asiye na mume, na mumewe alikuwa amesimama karibu naye ameshika mkoba. Nani aliuliza? Mimi sikuuliza. Nilijua, na nikaomba kwa lugha ngeni kwa sauti kubwa. Mungu anisamehe.

Nataka muelewe hayo mahojiano, maana wengi mnadhani ni mtihani wa historia ya Marekani na Kiingereza. Hiyo ipo, lakini kwanza mtu anainua mkono wa kulia na kuapa kusema kweli. Halafu afisa anafungua fomu uliyojaza na kukurudisha ndani yake, sehemu kwa sehemu. Umewahi kufunga ndoa? Mara ngapi? Iliisha vipi, na lini? Umewahi kumpa afisa wa serikali yao habari za uongo ili upate viza? Na mbele yake kuna faili lenye makaratasi yako ya tangu zamani. Hata ukipita, uraia uliopatikana kwa kuficha jambo la maana unaweza kunyang'anywa baadaye. Dada alikuwa ameishi na kadi yake miaka mitano na zaidi, analipa kodi, anatunza wazee wa watu kazini, na sasa kisanduku kimoja cha saiba kilikuwa kinamngoja mezani.

“Lakini pasta,” akaniambia, “ile haikuwa ndoa ya cheti. Si nikisema sijaolewa nitakuwa nasema kweli?”

Hapo ndipo nilipomwona Abramu. Dada yangu, ndiyo, baba mmoja. Nikamwambia, binti yangu, hata sheria ya Kenya ya ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila kama ile ya kanisani, na inataka iandikishwe. Lakini tuache sheria kwanza. Siku ile wazee walikuuliza kama wakunywe, ukasema wakunywe. Ulikuwa unaolewa au ulikuwa unafanya nini?

Akaanza kulia. Nikamsomea Yohana 4. Yesu anamwambia yule mwanamke wa Samaria akamwite mumewe. Anajibu hana mume. Jibu zuri kabisa, hata Yesu anamwambia amesema vyema! Halafu anamhesabia: watano, na uliye naye sasa si wako. Mwanamke alitoa kipande cha ukweli kinachomtosha, Yesu akamalizia kilichobaki. Lakini angalieni, yale maji aliyokuwa amemwahidi hakuyarudisha. Wala mwanamke hakukimbia na aibu; alikimbilia mjini kutangaza kuna mtu amemwambia yote aliyoyatenda.

Sasa nisiwadanganye. Afisa wa uhamiaji si Yesu. Yeye hana kisima. Kuna wahubiri watakaokwambia sema kweli na Jumatatu utakuwa raia. Mimi siwezi kuahidi hivyo. Ukweli wa dada huyu unaweza kumgharimu uraia, na unaweza kumgharimu hata ile kadi. Zaburi ya 15 inamsifu mtu ambaye ameapa na hageuki hata kama kiapo kinamuumiza. Tunaiimba vizuri. Siku ya kuumia ndiyo ngumu.

Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, hiyo barua siandiki. Pili, usiingie katika hicho chumba peke yako. Tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si rafiki, si yule jamaa wa kujaza fomu, umweleze yote kabla ya tarehe kufika, hata yale yanayokuaibisha. Kusema kweli hakumaanishi kwenda bila akili. Akakata simu.

Wiki tatu kimya. Katika hizo wiki tatu nilimtafuta yule ndugu, mume. Nilikuwa sijamuuliza habari yake miaka mingi, na anaketi kiti cha nyuma kila Jumapili. Aliniambia neno ambalo bado linanisumbua. “Pasta, watu wanasema aliandika uongo mdogo. Mimi ndiye nilikuwa huo uongo mdogo. Kwa ile karatasi, mimi sikuwahi kuwako.”

Wapendwa, tunamhubiri Abramu, tunamhubiri Farao. Katika sura nzima ya 12 Sarai hasemi neno hata moja. Kuna mtu anafutwa kila mara jibu la namna hii linapotolewa, na mara nyingi ni mtu anayekula meza moja na sisi.

Ndugu yule hataki kulipiza. Amesema atatoa maelezo yake yakihitajika, na kwamba kama ndoa imekwisha, basi imalizwe na wazee na mahakama, isiachwe kama ng'ombe aliyekata kamba.

Dada alipiga tena. Amempata wakili. Wakili amemwambia mambo magumu, mengine si ya kuandikwa hapa. Tarehe bado haijafika. Jumatano tuna maombi ya usiku, na jina lake mtalitaja mbele za Bwana bila kulitaja mkiwa sokoni, tafadhali. Na kama kuna mwingine hapa ambaye faili lake halilingani na nyumba yake, au aliyelipa mtu ili aitwe mume, mlango wa ofisi yangu uko wazi baada ya ibada. Muhuri wa kanisa nimeufungia kwenye droo.

Barua nimeiandika, lakini ni nyingine. Inasema nilichokiona: mwezi gani, mwaka gani, boma la nani, wazee wangapi, mbuzi sita. Jumanne iliyopita niliwasomea wote wawili kwa simu, yeye kule, ndugu hapa ofisini. Walikuwa hawajasikia sauti ya mwenzake karibu miaka minne. Nilipomaliza, kukawa kimya kirefu, nikadhani laini imekatika. Halafu ndugu akakohoa.

“Pasta,” akasema, “mbuzi zilikuwa saba.”

Na dada, kutoka kule, akasema, “Ni kweli. Saba.”