Imani ya Kanisa na Imani ya Mkristo

Ndugu msomaji, katika mazungumzo ya dini baina ya Waislamu na Wakristo hutokea mara nyingi kosa moja, nalo huyaharibu mazungumzo kabla hayajazaa faida. Muislamu humwambia jirani yake, "Ninyi mwaamini Miungu watatu." Mkristo hujibu, "Mimi siamini hivyo. Mungu ni mmoja, na Yesu alitumwa naye." Hapo Muislamu ama humdhania mwenzake kuwa anakimbia hoja, ama hushangilia kwamba Kanisa limekwisha kuiacha itikadi yake. Dhana zote mbili ni mbovu. Tena Kanisa halikusema kamwe kwamba Miungu ni watatu. Husema Mungu mmoja katika nafsi tatu. Atakaye kuipinga itikadi hiyo, na sababu za kuipinga zipo, yampasa kwanza aitaje kama wenyewe waitajavyo.

Itikadi ya Kanisa haitafutwi katika kinywa cha jirani. Hutafutwa katika maazimio ya mabaraza ya maaskofu, kama lile la Nikea la mwaka 325 na la Konstantinopoli la mwaka 381, na katika Kanuni ya Imani ambayo Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri huitamka ibadani. Wala makanisa yote hayashiki mambo yale yale. Jeshi la Wokovu halibatizi kwa maji. Mashahidi wa Yehova huukataa Utatu. Azimio la mwaka 1870, kwamba Papa hawezi kukosea anapotangaza rasmi fundisho la imani au la maadili, huwafunga Wakatoliki peke yao. Kumlaumu Mlutheri kwa azimio hilo ni kupoteza wakati.

Lakini imani ya mtu binafsi ni jambo jingine. Pengine hupungua kuliko ya kanisa lake, na pengine huizidi. Kwa karne nyingi wazazi Wakatoliki waliofiwa na watoto wachanga kabla ya ubatizo waliamini kwamba watoto hao wamekwenda mahali paitwapo limbo, pasipo adhabu wala kumwona Mungu. Mwaka 2007 tume ya wanatheolojia ya Vatikani, kwa idhini ya Papa, ilitoa maandishi yaliyoeleza kwamba limbo ilikuwa rai ya wanazuoni, haikupata kuwa fundisho la lazima, na kwamba iko sababu ya kutumaini kuwa watoto hao wataokolewa. Mama wangapi walikwisha kulia kwa ajili ya jambo ambalo kanisa lao halikuwalazimisha kuliamini!

Mfano wa kinyume chake ni Isaac Newton, yule mwanachuoni mkubwa wa Uingereza. Alifundisha Cambridge katika chuo kiitwacho Trinity, yaani Utatu, na hali yeye, baada ya kuyachunguza maandiko na historia ya Kanisa, alikuwa amesadiki moyoni kwamba fundisho la Utatu liliingizwa baadaye. Sheria ya chuo ilimtaka apokee upadre. Mwaka 1675 akapata ruhusa ya mfalme ya kutoupokea. Mwaka 1690 alimpelekea John Locke maandishi ya kuonyesha kwamba aya mbili zilizotumiwa kuuthibitisha Utatu zilikuwa zimeharibiwa. Kisha akaogopa, akazuia yasichapishwe. Yalitoka mwaka 1754, miaka 27 baada ya kufa kwake. Hofu yake haikuwa ya bure: mwaka 1697 mwanafunzi mmoja, Thomas Aikenhead, alinyongwa Edinburgh kwa kosa la kukufuru, na miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kuudhihaki Utatu.

Sasa, msomaji, ungemhesabu Newton katika kundi gani? Ukisema Kanisa la Uingereza liliukataa Utatu kwa kuwa mtu wake mashuhuri aliukataa, umelisingizia Kanisa. Ukisema Newton aliuamini kwa kuwa alihesabiwa mtu wa Kanisa hilo, umemsingizia Newton. Kurani Tukufu, katika Sura Aali Imrani, haiwaweki watu wa Kitabu wote katika kundi moja. Yataja miongoni mwao watu wema wanaokesha katika ibada. Nasi tunaudai uadilifu huo kwa ajili yetu. Mkristo akituonyesha Muislamu aliyejifunga hirizi kiunoni, akasema, "Hii ndiyo Islam," twamjibu upesi kwamba hilo ni la mtu yule, si la dini. Basi naye akituambia kwamba padre wake asema hivi na yeye aamini vile, tumsikilize kwa subira ile ile, tumwulize, "Wewe mwenyewe wasadiki nini, na kwa sababu gani?"

Liko swali zito zaidi, nalo lakuhusu wewe uliye bado kanisani na moyo wako umekwisha kuondoka. Je, ni halali kutamka kila Jumapili, "Nasadiki," hali husadiki? Asiyepata kulifikiri neno hilo hana lawama kubwa. Aliyelitafakari akalifasiri kwa njia yake ana udhuru, ingawa udhuru wake wanipa shaka. Lakini ajuaye wazi kwamba asema asichoamini, huyo anashuhudia uongo mbele ya Mungu, hata kama hakuna mwanadamu anayedhurika. Sisemi hivi ili kumtukana. Aweza kumwogopa baba, mume, au mwajiri wake.

William Whiston alishika kiti kile kile cha Newton pale Cambridge mwaka 1702. Naye aliukataa Utatu, ila yeye alisema hadharani, na mwaka 1710 akafukuzwa chuoni. Hata hivyo hakulitoka Kanisa. Aliendelea kushiriki ibada zake kwa miaka mingi, akivumilia yale asiyoyakubali. Mwaka 1747, akikaribia umri wa miaka 80, alikuwa kanisani padre alipoanza kuisoma Imani ya Athanasio, ambayo ndani yake Utatu umeelezwa kwa urefu. Mzee yule akainuka, akatoka nje, akajiunga na Wabaptisti.