Alama ya Mlangoni



Mara nyingi mtu aitafutaye njia iliyo sawa husema hivi: "Nimewaona wenye kila dalili ya ucha Mungu, maneno yao matamu na mavazi yao ya heshima, nao ndio walionidhulumu. Basi dalili zote ni uongo. Tangu leo nitautazama moyo tu." Malalamiko haya ni mazito, wala si haki kuyapuuza. Lakini hitimisho lake yafaa tulichunguze, nami nakuomba tulichunguze mahali usipopatarajia, yaani ndani ya seli za mwili wako mwenyewe.

Karibu kila aina ya seli ina kiini, na ndani ya kiini imehifadhiwa DNA, yaani maandishi ya urithi. Kiini kimezungukwa na utando wenye matundu, ambayo katika seli moja ya binadamu huhesabiwa kwa maelfu. Protini zifanyazo kazi kiinini hutengenezwa nje yake, katika saitoplazimu; hivyo hazina budi kuingia. Vitu vidogo hupenya vyenyewe, lakini protini kubwa yahitaji hamali. Hamali huyo ni protini nyingine, iitwayo impotini. Huitambua alama iliyo juu ya mzigo, huushika, huvuka nao tunduni, na upande wa ndani hukutana na protini ndogo iitwayo Ran, ambayo humfanya autue. Kisha hurudi nje kuchukua mwingine. Kwa kutoka kuna alama nyingine na mahamali wengine.

Je, alama yenyewe ni kitu gani? Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba yaweza kuwa mfuatano wa asidi amino saba tu. Walipoibadili moja kati ya hizo, protini ilibaki nje. Walipoifunga alama ile kwenye protini ya kuvunja sukari, ambayo kazi yake ni katika saitoplazimu, iliingia kiinini. Mwaka uo huo, huko Marekani, Carl Feldherr na wenzake walichukua chembe ndogo mno za dhahabu, wakazivika protini yenye alama, wakazidunga katika mayai machanga ya chura. Dhahabu ikaingia! Nakiri kwamba niliposoma habari hii mara ya kwanza nilicheka. Dhahabu haina kazi yoyote ndani ya kiini. Lakini mlango ulisoma vazi, ukaipitisha.

Wala hayo si yote. Alama ile ya asidi amino saba ilitoka wapi? Ilitoka katika protini ya virusi vya nyani viitwavyo SV40. Protini hiyo ikishaingia huikamata p53, mlinzi ambaye huizuia seli isigeuke kuwa ya saratani. Adui amepita mlango wa mbele, mchana, cheti mkononi.

Basi tuulaumu mlango? La, hasha! Seli ikizifuta alama zote kwa hasira ya adui mmoja, hata watumishi wake waaminifu hawataingia, nayo itakufa. Tena mlango hauna njia ya kusoma yaliyo chini ya alama. Nawe, ndugu yangu, huna. Usemapo kwamba utautazama moyo tu, utautazama kwa jicho gani? Utasoma tabasamu, sauti, machozi, nazo ni alama vilevile, tena ni rahisi zaidi kuigizwa kuliko zile ulizozikataa. Hukuwa mpumbavu ulipomwamini aliyekudhulumu. Ulisoma kilichoweza kusomwa.

Hapa mfano wetu unakoma, na yatupasa tukiri hivyo. Protini haina nia. Haidanganyi wala haitubu. Mwanadamu avaaye alama ya wema ajua kilicho chini yake, na kwa sababu hiyo deni ni lake yeye. Lakini kwa aliyempokea imebaki njia moja, iliyo ya polepole: kuitazama kazi yake baada ya kuingia. Dhahabu ilikaa tu. Protini ya virusi ilimkamata mlinzi. Mlangoni zilifanana na watumishi wa nyumba. Ndani hazikufanana nao.

Iko hasara nyingine pia, ambayo mtu aliyechukizwa haifikirii. Upo ugonjwa uitwao ALS, unaoua seli za neva ziongozazo misuli, hata mgonjwa hushindwa kutembea, kumeza, na mwishowe kupumua. Katika seli hizo, kwa wagonjwa walio wengi sana, protini iitwayo TDP-43 hukutwa imelundikana katika saitoplazimu. Hiyo si ngeni wala si adui. Ni mtumishi halali wa kiini, na alama yake anayo. Yuko nje, na kazi yake ya ndani hakuna aifanyaye.