Kicheko cha Wataalamu

Uonevu una sura nyingi, na sura inayoogopwa zaidi ni ile ya ngumi na matusi. Katika nyumba za sayansi ngumi ni nadra. Humo mtu huonewa kwa kicheko. Kicheko hakiachi kovu, na aliyeumizwa nacho akilalamika huambiwa hajui mzaha.

Nilikiona kikifanya kazi yake mkoani Singida, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Tulikwenda Iramba, wageni wenye digrii zetu, kulinganisha aina mbili za mbegu za alizeti. Pamoja nasi alikuwapo kijana mzaliwa wa pale, msaidizi wa kupima na kuandika. Siku moja alimwambia mkubwa wetu, kwa staha yote ipasayo, kuwa vile vipande vya shamba vilivyostawi kupita vingine vilikuwa zizi la ng'ombe zamani. Huenda tulikuwa tukisifu samadi tukidhani twasifu mbegu. Mkubwa alimtazama kitambo, kisha akasema kumbe tumempata Daktari wa Mazizi. Tukacheka. Jina likamganda. Akichelewa asubuhi, Daktari wa Mazizi. Akikosea tarakimu, Daktari wa Mazizi. Tangu hapo alileta vipimo, hakuleta neno.

Nchi yetu ina mfano mashuhuri wa jambo hili, nao ulisimuliwa na aliyetendewa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Yeye, kwa kuhofu kukosa nafasi, aliyatia yangali moto. Nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena katika somo la kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mwalimu alimjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku ile kila kosa lake la hesabu liliitwa hesabu ya Mpemba, na darasa zima likaidaka kejeli hiyo.

Akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba alisimama akauliza swali lile lile, na wenziwe wakacheka. Osborne hakumwambia kuwa amesema kweli. Aliahidi kwenda kujaribu, na ahadi akaitimiza. Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia.

Wengi husimulia habari hii kama hekaya ya mnyonge aliyeshinda, nami siipendi ikisomwa hivyo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Wataalamu wangali wakibishana. Tuseme basi Mpemba alikosea. Je, kicheko kingekuwa halali? Kosa la sayansi lina dawa yake, nayo ni kupima. Dhihaka haipimi kitu. Huliacha jambo mahali pake ikamshika mtu.

Mimi humfikiria zaidi yule fundi wa maabara aliyetumwa na Osborne kujaribu. Alirudi na habari kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini akaahidi kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Hatukusimuliwa kuwa kuna aliyemcheka. Yamkini alikuwa amekwisha jifunza zamani jibu gani huwapendeza wakubwa.

Yuko atakayesema kuwa elimu haistawi bila ukali. Ni kweli, na mtu asiyestahimili kuulizwa ushahidi atafute kazi nyingine. Lakini mkali wa haki angalimwuliza kijana yule wa Iramba: zizi lilikuwa wapi, liliondolewa lini, nani alikumbukaye? Maswali hayo yangalimtoa jasho, nayo yangalikuwa heshima. Mkubwa wetu hakuuliza hata moja. Naye ndiye aliyeandika barua za kuwaombea vijana nafasi za masomo, akaamua jina la nani liingie katika makala na la nani libaki nje. Mwenye mamlaka hayo akicheka, walio chini yake hucheka hata kabla hawajajua wanacheka nini. Najua, kwa kuwa nami nilikuwa nikingoja barua yangu.

Barua niliipata. Udongo wa vipande vile haukupimwa. Taarifa ilichapwa mwaka uliofuata. Jina langu limo, na neno zizi halimo.